Jina la Baba Halichezi Namba

Kila mwaka shule za sekondari zinapojiandaa kwa mashindano ya UMISSETA, jambo moja hutokea katika viwanja vya Mwanza ambalo wazazi wengi huliona na wachache hulisema. Mwalimu wa michezo anasimama pembeni ya uwanja akiwa na karatasi na kalamu. Mbele yake wanakimbia vijana thelathini au arubaini, naye anawahitaji wachache tu. Miongoni mwao yumo mmoja ambaye baba yake alikuwa nyota wa soka hapa mjini, au ni mtangazaji, au ni mfanyabiashara ambaye sura yake yajulikana kuanzia Igoma hadi Pasiansi. Watu walioketi kivulini wananong'onezana: "Yule ni mtoto wa fulani." Tangu hapo macho hayamtazami tena kijana. Yanamtazama baba yake.

Ndugu msomaji, juma hili tumzungumze mtoto huyo. Lakini tusimzungumze peke yake, kwani kando yake amesimama kijana mwingine ambaye baba yake hajulikani na yeyote isipokuwa wavuvi wenzake wa mwaloni. Wote wawili ni amana mikononi mwetu, na haiwezekani kumdhulumu mmoja kwa upendeleo bila kumdhulumu na mwenzake.

Kwanza tuufahamu mchujo wenyewe. Kijana huchaguliwa katika shule yake, kisha hushindania nafasi katika timu ya wilaya, na kutoka wilayani hutafutwa wa kuunda timu ya mkoa itakayokwenda kukutana na mikoa mingine. Mkoa wetu una wilaya saba: Nyamagana, Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema na Ukerewe. Timu ya mkoa ni moja, na uwanjani huingia kumi na mmoja. Kijana wa Ukerewe huvuka ziwa kuja kujaribiwa, akiwa na viatu ambavyo pengine ameviazima. Kwake siku hiyo si mchezo tu. Huenda ikawa ndiyo siku pekee ambayo ataonwa na mtu awezaye kumwombea nafasi ya masomo katika shule inayothamini vipaji. Shule za namna hiyo si hadithi. Hapa hapa Mwanza, Shule ya Alliance ilikuza timu yake mpaka ikapanda Ligi Kuu katika msimu wa 2018/19. Basi kila nafasi iliyojazwa kwa jina imeondolewa kwa mtu, na mtu huyo ana mama anayemsubiri nyumbani.

Hatusemi kwamba mtoto wa mchezaji hana kipaji. Waswahili husema mtoto wa nyoka ni nyoka, na ushahidi upo tele katika ukanda wetu huu. Noah Wanyama alikuwa mchezaji wa AFC Leopards na timu ya taifa ya Kenya katika miaka ya 1980. Wanawe wawili, McDonald Mariga na Victor Wanyama, walipita katika Shule ya Sekondari ya Kamukunji jijini Nairobi, shule iliyosifika kwa soka. Mariga akafika Inter Milan mwaka 2010. Victor akafika Celtic ya Scotland, na mwaka 2012 akaifunga Barcelona katika Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Dada yao, Mercy, hakufuata soka, bali alishika mpira wa kikapu. Nyumba ni moja na damu ni moja, lakini kila mtoto alikwenda alikoitwa na uwezo wake.

Tutazame pia ukoo wa Origi. Mwaka 1987 Gor Mahia, timu ipendwayo na watu wa Kisumu na ufukwe wa ziwa upande wa Kenya, ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika chini ya nahodha Austin Oduor. Ndugu yake, Mike Okoth Origi, aliichezea Kenya, kisha akaenda Ubelgiji na kutwaa ubingwa wa nchi hiyo akiwa na Genk mwaka 1999. Mtoto wa Mike, Divock, alizaliwa huko huko Ubelgiji. Tarehe 1 Juni 2019, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa iliyochezwa Madrid, Divock aliifungia Liverpool bao la pili dhidi ya Tottenham. Katika benchi la Tottenham siku hiyo alikuwapo Victor Wanyama. Wana wawili wa wachezaji wawili wa Kenya walikutana katika fainali kubwa kuliko zote za klabu za Ulaya, mmoja akishinda na mwingine akisubiri kuitwa bila kuitwa. Hakuna kocha aliyempanga mmoja au kumweka mwingine benchi kwa sababu ya mambo ambayo baba zao waliyafanya Nairobi. Mahali pale jina la mzazi lilikuwa halina uzito wowote, na ndiyo maana heshima waliyoipata vijana wale ilikuwa yao wenyewe.

Nyumbani kwetu tunao mfano ulio karibu zaidi. Mwalimu John Tegete ni jina linalojulikana kwa kila mpenzi wa Toto African ya Mwanza, timu aliyoifundisha. Mwanawe, Jerson, alionekana akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Makongo, Dar es Salaam, shule ambayo Kanali Iddi Kipingu aliifanya kuwa kitalu cha wanamichezo wa taifa. Kutoka huko alifika Taifa Stars chini ya kocha Marcio Maximo, na akawa mshambuliaji wa Yanga kwa misimu kadhaa. Wala hatudai kwamba malezi ya baba aliye mwalimu wa mpira hayakumfaa kitu. Bila shaka yalimfaa sana. Lakini Makongo haikuwa timu ya baba yake, na Maximo hakuwa mjomba wake. Waliomchagua walikuwa wengine, na hapo ndipo ilipo heshima ya baba na ya mwana.

Kisha uko mfano wa Manara. Wazee wa Mwanza hawajausahau mwaka 1974, Yanga na Simba zilipokutana katika Uwanja wa Nyamagana na Yanga ikashinda mabao 2-1. Sunday Manara alikuwa mmoja wa wafungaji wa siku ile, na baadaye akawa miongoni mwa Watanzania wa mwanzo kabisa kwenda kucheza soka la kulipwa Ulaya. Mwanawe, Haji, hakujulikana nchini kwa mguu bali kwa ulimi. Akawa msemaji wa Simba, timu ile ile aliyoifunga baba yake, na baadaye akahamia Yanga. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Riziki ya mtoto inaweza kuwa katika karakana ile ile ya baba bila kuwa katika nyundo ile ile, na mzazi mwenye hekima hamlazimishi nyundo aliyepewa mivukuto.

Basi ubaya uko wapi? Ubaya si kipaji kurithiwa. Ubaya ni cheo kurithiwa. Na ubaya huo una mapigo mawili.

Pigo la kwanza humwangukia yule asiye na jina, nasi tumekwisha kulieleza. Anarudi nyumbani akiwa amejifunza somo ambalo hakuna mwalimu aliyeliandika ubaoni: kwamba jasho halina thamani ila liwe na mtu nyuma yake. Somo hilo haliishii uwanjani. Kesho atalipeleka katika mtihani, keshokutwa katika kutafuta kazi, na siku atakapopewa mamlaka atayatumia kwa namna ile ile aliyotendewa.

Pigo la pili humwangukia yule aliyependelewa, na hili wazazi wengi hawalioni. Akicheza vizuri, watu husema ni jina. Akikosea, husema amemwaibisha baba yake. Kutoka pembeni ya uwanja husikia sauti: "Baba yako angefunga hiyo!" Kijana wa miaka kumi na sita anacheza dhidi ya wapinzani kumi na mmoja na kivuli kimoja, na kivuli hakikabiki. Baya kuliko yote ni kwamba hata yeye mwenyewe hajui kama alichaguliwa kwa miguu yake. Tumemnyima kitu ambacho mtoto wa mvuvi akichaguliwa hukipata bila gharama, nacho ni yakini ya nafsi.

Mara nyingine kivuli hicho hakitoki kwa mashabiki bali kwa baba mwenyewe. Wako wazazi ambao walistaafu mpira lakini mpira haukustaafu ndani yao. Baba wa namna hiyo anataka kumalizia kwa miguu ya mwanawe mechi ambayo yeye aliiacha haijesha. Anapanga lishe, anapanga mazoezi, anagombana na mwalimu, ilhali hajawahi kumuuliza mtoto swali moja jepesi: "Mwanangu, wewe mwenyewe unaupenda mchezo huu?"

Huko Ulaya imetafutwa dawa ya aina yake. Zinedine Zidane, Mfaransa mwenye asili ya Algeria, alipomwingiza mwanawe Enzo katika timu za vijana za Real Madrid, kijana alijulikana kwa jina la ukoo wa mama yake, Fernández, ili asielemewe na jina la Zidane. Nia tunaifahamu, na huruma ya mzazi tunaiona. Lakini kwetu Waislamu dawa hiyo haifai kuwa ndiyo ya kwanza. Surat al-Ahzab imetufundisha kuwanasibisha watoto na baba zao, na mtoto hapaswi kulificha jina la mzazi wake ili apate kupumua. Jina libaki mahali pake. Kinachotakiwa kuondolewa ni uzito tunaoutundika juu ya jina.

Namna ya kuuondoa tumeachiwa katika sira. Katika kuelekea vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliwarudisha vijana waliokuwa wadogo. Rafi' bin Khadij aliruhusiwa kwa kuwa ilielezwa kwamba ni hodari wa kurusha mishale. Samura bin Jundub, kijana aliyelelewa na mume wa mama yake baada ya baba yake kufariki, alirudishwa. Samura akalalamika kwamba yeye humwangusha Rafi' katika mieleka. Mtume hakumuuliza wewe ni wa ukoo gani, wala hakumwambia anyamaze. Aliwaacha washindane. Samura akamwangusha mwenzake, naye akaruhusiwa. Zingatia, ndugu msomaji: yatima alisikilizwa, akapewa nafasi ya kujaribiwa mbele ya macho ya watu, na matokeo yakaheshimiwa. Mwalimu wa michezo akitaka kujua majaribio ya haki yanafananaje, haya hapa.

Imepokewa pia katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliandaa mashindano ya farasi. Farasi waliotayarishwa kwa mbio walipangiwa masafa marefu, na wasiotayarishwa wakapangiwa masafa mafupi. Kipimo kilikuwa maandalizi ya mnyama, si daraja ya mwenye mnyama. Miongoni mwa waliokimbiza siku hiyo alikuwa Abdullah, mtoto wa Umar bin al-Khattab (r.a.). Mtoto wa mtu mkubwa hakuzuiwa kushindana, na wala hakutengewa mbio zake peke yake. Alipanga mstari na wenzake.

Na nani ana jina kubwa kuliko Mtume mwenyewe? Lakini ngamia wake, al-Adhbaa, aliyekuwa hapitwi, alikuja kupitwa na ngamia wa bedui. Jambo hilo liliwauma Masahaba. Mtume hakuamuru mbio zirudiwe. Aliwafahamisha kwamba ni katika desturi ya Allah kwamba hakuna chochote cha dunia kinachonyanyuka ila hufika siku kikashushwa. Ikiwa ngamia wa Mtume alikubaliwa apitwe na ngamia wa mtu wa jangwani, mtoto wa nyota wa zamani ana udhuru gani wa kutopitwa na mtoto wa mvuvi wa Kome?

Umar naye, alipokuwa katika kitanda cha mauti na kuwateua watu sita washauriane juu ya atakayemfuata, aliagiza kwamba mwanawe Abdullah ahudhurie lakini asiwe na fungu katika uongozi huo. Abdullah hakuwa mtu dhaifu. Elimu na uchamungu wake vinajulikana na umma wote. Baba aliuona mlango ulio wazi mbele ya mwanawe, akaufunga kwa mkono wake mwenyewe.

Kutokana na hayo, tunawausia watu watatu.

Wa kwanza ni mzazi mwenye jina. Nenda ukamtazame mwanao, kwa sababu mtoto anayehitaji kuonwa na baba yake hawezi kutoshelezwa na mashabiki elfu. Lakini keti pamoja na wazazi wengine. Usiende kumsalimia mwalimu katika juma la mchujo huku umebeba mipira na jezi za msaada. Kama Allah amekujaalia uwezo, subiri orodha ibandikwe ukutani, kisha toa kwa timu nzima, na zaidi kwa shule ile ya kisiwani ambayo mwanao hasomi. Sadaka iliyotangulia uteuzi huacha harufu hata kama nia ilikuwa njema. Na mwanao akiachwa, usipige simu. Mwache aionje siku hiyo, kisha mfundishe kuamka alfajiri na kuanza tena. Wewe uliyecheza wajua kwamba goti moja likiumia safari yaweza kuisha. Basi msimamie katika vitabu kwa bidii ile ile unayomsimamia nayo uwanjani. Zaidi ya yote mkumbushe sala. Mechi nyingi za mchana huanza saa kumi, na Alasiri haimsubiri mtoto wa yeyote.

Wa pili ni mwalimu. Twajua mzigo wako. Shule haina mipira ya kutosha, na mtu mwenye uwezo ndiye yuleyule mwenye mtoto katika majaribio. Basi jilinde kwa utaratibu. Waombe walimu wawili wa shule nyingine wakusaidie kuchagua, na wape vijana namba mgongoni badala ya majina. Ikiwa mwanao mwenyewe, au mtoto wa ndugu yako, yumo miongoni mwa wanaojaribiwa, toka katika kikao kinapofika kwake. Kumbuka kisa cha Bashir, Sahaba aliyetaka kumpa zawadi mwanawe mmoja, Nu'man. Mtume (s.a.w.) alimuuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wa hiyo, na alipojua kuwa hakufanya hivyo, alikataa kuwa shahidi. Ikiwa uadilifu umewajibishwa kwa baba kati ya watoto wake wa kuwazaa, itakuwaje kwa mwalimu ambaye watoto wote wa darasa amekabidhiwa na wenyewe?

Wa tatu ni mzazi asiye na jina, wewe uliyekesha ziwani na karabai au uliyeanika dagaa Kirumba tangu alfajiri. Usimfundishe mwanao kinyongo. Usimwambie kwamba yule mwingine amechaguliwa kwa sababu ya baba yake hali ya kuwa hukuona akicheza, kwani dhana mbaya nayo ni dhuluma, na huenda yule kijana amefanya mazoezi maradufu ili kuwanyamazisha wanaosema kama wewe. Palipo na dhuluma ya wazi, nenda kwa mkuu wa shule ukaseme kwa adabu na kwa ushahidi, kama Samura alivyosema. Kisha mwambie mwanao kwamba yeye naye ana jina la baba, na kwamba jina hilo limejengwa kwa halali. Mtoto aliyelishwa halali ameanza mbio akiwa mbele.

Jina jema ni neema. Ni nuru ambayo mzazi humwangazia mwanawe njia, apate kuona mashimo ambayo yeye aliyatumbukia. Ila nuru hiyo ikimulikwa machoni mwa mtoto humpofusha, na ikimulikwa machoni mwa mwalimu humfanya asiwaone wengine. Ukoo hauzibi pengo la amali mbele ya Mola wetu, Mtume (s.a.w.) alimwambia hayo hata binti yake kipenzi, Fatima (r.a.). Itakuwa ajabu sisi tukitaka ukoo uzibe pengo la miguu katika kiwanja cha shule.

Allah (s.w.t.) atujaalie uadilifu kati ya watoto wetu na watoto wa wenzetu, na awafanye vijana wetu, wenye majina na wasio nayo, kuwa kitulizo cha macho yetu duniani na Akhera. Amin.